Tawi Nililotuma Nairobi

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa afisa wa malisho Isiolo. Wakati wa ukame niliwaonyesha wafugaji wa Kipsing kichaka fulani, nikasema mbuzi wakile bila hofu.

Mama Halima, mmoja wa wafugaji hao, alivunja tawi akalinusa. "Afisa, hii si ile tunajua. Inafanana tu."

Nilimcheka mbele ya mumewe, na mumewe akaniamini mimi, akawalisha mbuzi kichaka hicho. Nikatuma tawi kwa wataalamu wa mimea Nairobi, nikiwauliza kama ndicho kile kichaka cha malisho kinachojulikana, ili nimkomeshe mama huyo. Mbuzi wao walipokufa, nilisema ni ugonjwa.

Jibu lilipofika, kwa kiburi changu nilimpa chifu bahasha aifungue barazani.

"Ni mimea miwili tofauti," chifu akasoma. "Huu una sumu."

Mama Halima hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mbuzi wameisha. Sasa hiyo barua ni ya kumsaidia nani?"