Kitanda cha Bwana Kesho

Jina halisi la fundi seremala huyu wateja walilisahau zamani. Walimwita Bwana Kesho, na hawakumsingizia. Ukimfuata kwa ajili ya meza yako, atakukaribisha kwa tabasamu pana, atakufutia benchi vumbi kwa kiganja, atakusifia mpaka viatu, halafu atakwambia: "Imebaki kupiga msasa tu, ndugu yangu. Njoo kesho." Na kesho hiyo ilikuwa na ndugu wengi. Kazi yake ilikuwa safi, hilo tusimnyime. Kabati lake likikufikia, utawarithisha wajukuu. Shida ilikuwa kukufikia.

Sasa mtu wa namna hiyo awe mume wako, pata picha! Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke ambaye akikwambia gauni lako ni Ijumaa, basi ni Ijumaa, hata inyeshe mvua ya mawe. Aliolewa akiahidiwa kabati la jikoni. Akazaa, sufuria zingali ndani ya boksi. Mtoto akaota meno, akaanza shule, akajua kusoma, na kabati bado "limebaki kupiga msasa." Familia ya seremala, jamani, ilikuwa inalala kwenye magodoro sakafuni, kwa sababu kila kitanda alichokitengenezea nyumba yake, mteja akikisifia tu, kimeondoka. Hakuwa mlevi, hakuwa mpigaji, wala hakuwa na nyumba ndogo. Alikuwa mtu wa kesho, basi. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na asubuhi moja mama alikusanya magodoro, cherehani na binti yao, akahamia chumba cha kupanga nyuma ya soko.

"Atarudi kesho," Bwana Kesho alimwambia jirani yake wa karakana, fundi wa kuchomelea.

Hakurudi. Kilichokuja ni wito wa baraza la usuluhishi. Waliketishwa meza moja, wakaulizwa kama ndoa yao bado inatengenezeka. Bwana Kesho akasema inatengenezeka kabisa, apewe muda kidogo tu. Mkewe akacheka mpaka akafuta machozi. Mwenyekiti akaandika kwamba usuluhishi umeshindikana, na kwa hati hiyo mama akaenda mahakamani kufungua madai. Aliomba mambo matatu: talaka, malezi ya mtoto, na matunzo yake.

Bwana Kesho alipoisoma talaka, alimeza mate. Alipofika kwenye malezi ya mtoto, alikaa chini juu ya maranda. Binti yao alikuwa na miaka minane, na baba yake alimwita Randa, maana tangu anatambaa alikuwa akiokota maranda ya mbao yaliyojikunja na kuyavaa kama bangili. Kila akitoka shule alipitia karakana. Kumkosa huyo kulimtisha seremala kuliko mahakama zote za dunia.

"Wasiwasi wa nini?" fundi wa kuchomelea alimtuliza. Alikuwa ameachwa na wake wawili, kwa hiyo pale mtaani alihesabiwa kuwa mtaalamu. "Mtoto akishavuka miaka saba ni wa baba. Sheria inajulikana hiyo!"

Basi mtu mzima akatulia tuli. Karani wa mahakama ndiye aliyemgutua: asipoyajibu madai kwa maandishi, kesi itasikilizwa upande mmoja, na yeye atakuja kusomewa tu hukumu.

"Nitaleta majibu kesho," Bwana Kesho akasema.

"Mzee, hapa kesho tunapanga sisi," karani akamjibu. "Kaa hapo uandike."

Na kweli waliipanga. Siku ya kwanza hakimu alikuwa semina, kesi ikaahirishwa. Siku ya pili ikaahirishwa tena. Ya tatu, Bwana Kesho alilipuka koridoni. "Mtu ana kazi zake! Njoo, njoo, kila siku njoo! Huu ni uungwana kweli?" Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kwenye benchi lile lile alikuwepo mteja wake mmoja, aliyelisubiri kabati lake mpaka ameota mvi. Akageuka taratibu.

"Pole sana, fundi," akasema. "Inauma, eeh?"

Hatimaye kesi ikasikilizwa. Mama akaeleza yake, naye Bwana Kesho akasimama na kuimwaga ile sheria ya miaka saba kwa kifua mbele. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, akamtazama juu ya miwani hiyo.

"Hiyo kakufundisha nani?"

"Fundi wa kuchomelea, mheshimiwa."

Watu walicheka, hata askari wa mlangoni. Hakimu aliwanyamazisha, kisha akasema polepole: "Mtoto si mbao, mkamgawane kwa vipimo. Mahakama hii inaangalia maslahi yake. Anakula nini, anasoma vipi, analala wapi, nani yuko naye akiugua. Afisa ustawi wa jamii atazitembelea nyumba zote mbili, atazungumza na mtoto, kisha atatuletea taarifa."

Analala wapi! Hapo maji yakamfika shingoni. Nyumbani kwake palikuwa na mkeka mmoja.

Alipewa wiki nzima. Kwa fundi mwenye mikono ile, wiki ni vitanda viwili na kiti cha kubembea. Akaanza kimoja kwa moyo wote, akaunganisha fremu, akaweka chaga. Siku ya tatu akapita mteja, akakigonga kwa kidole, akasema, "Hiki ndicho." Na ulimi wa Bwana Kesho, mazoea mabaya bwana, ukateleza: "Chukua tu, nitatengeneza kingine kesho."

Asubuhi ya ukaguzi hakuna kitanda. Fundi wa kuchomelea, ambaye ushauri haukuwahi kumwishia, akanyooshea kidole pembeni ya karakana. Pale palikuwa na kitanda kilichokwisha zamani, kichwani kimechongwa ndege wawili wanaoangaliana. Kilikuwa cha mzee mmoja mpole mwenye baiskeli, ambaye jana yake tu aliambiwa, kwa mazoea, kwamba mbao hazijakauka.

"Tunakiazima. Akiondoka afisa, tunakirudisha. Kwani kitachakaa?"

Wakakibeba, wakaazima na godoro, wakakitandika shuka la waridi.

Afisa ustawi alikuwa mwanamke mnene, mtulivu. Aliangalia jiko, akafungua bomba, akachungulia choo. Alipoingia chumbani alisimama wima.

"Kitanda kizuri."

"Nimemtengenezea binti yangu kwa mikono hii, mama. Kila ndege nilimchonga namuwaza yeye."

"Na hawa ndege uliwatoa wapi?"

"Walinijia ndotoni."

"Ajabu," afisa akasema. "Mimi niliwachora kwenye karatasi, nikampa mume wangu akuletee. Yule mwenye baiskeli."

Njia ya mwongo fupi, lakini hii ilikuwa fupi kupita kiasi. Bwana Kesho akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Dirishani, kichwa cha fundi wa kuchomelea kilitoweka.

Seremala alijikalisha sakafuni, maana kitandani angekaaje? Kwa mara ya kwanza hakuwa na tabasamu la wateja. "Mama, sina kitanda," akasema. "Nilimwanzia mtoto kimoja, nikakiuza. Andika yote. Ila usiandike kwamba simpendi."

"Kumpenda hakuna anayebisha," afisa akamjibu. "Lakini mtoto halali juu ya kupendwa, fundi."

Akaandika yote. Jioni hiyo Bwana Kesho alikisukuma kitanda kile kwa mkokoteni mpaka kwa mwenyewe, akaomba radhi mlangoni. Siku ya taarifa, afisa alikuwa wa kwanza kusema kwamba kitanda kilichoonyeshwa kilikuwa chake, na hakimu akauliza kama kuna mwenye pingamizi na afisa huyo. Mama hakuwa nalo. Baba angesema nini?

Hukumu ikatoka. Ndoa imevunjika, talaka imetolewa. Mtoto atakaa na mama yake, baba atatoa matunzo kila mwezi. Atamwona mchana wa Jumamosi, na mwisho wa wiki na likizo mtoto anaweza kulala kwa baba, iwapo tu afisa atathibitisha ana kitanda chake. "Na hali ikibadilika, amri ya malezi nayo inaweza kubadilishwa," hakimu akaongeza. "Kitanda kitakuwa tayari lini?"

Yule mteja mwenye mvi alikuja kusikiliza kwa makusudi.

"K—" Bwana Kesho akaanza. Akamtazama Randa aliyekaa nyuma na mama yake. "Jumamosi, mheshimiwa."

Alitoka pale moja kwa moja mpaka kwenye msumeno. Ijumaa akapita mama mmoja wa magari makubwa, akakigonga kwa kidole, akataja bei ya kumtoa nyoka pangoni. "Hakiuzwi," seremala akasema bila kuinua kichwa. Fundi wa kuchomelea alikuja kumgusa paji la uso kama ana homa.

Jumamosi asubuhi afisa alikitikisa kitanda, hakikulia, akabonyeza godoro jipya, akaondoka ameridhika. Mchana mama akamleta Randa. Mtoto akakirukia na viatu vyake. Mama akapitisha kiganja kwenye mbao, taratibu, kutoka kichwani mpaka miguuni, akitafuta kibanzi cha kumchoma. Hakukipata.

"Kumbe ulikuwa unaweza," akasema.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuua. Mama akambusu mtoto, akasema atamfuata Jumapili jioni, akaenda zake kwa mwendo wa mtu mwenye magauni ya kupeleka. Seremala akabaki mlangoni, akimwangalia mpaka alipokata kona, na macho yake yakajaa, wala si kwa vumbi la mbao.

"Baba," Randa akaita kutoka kitandani, "na lile kabati la mama je?"

Bwana Kesho akafungua mdomo, neno lake la siku zote likiwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Vaa viatu vizuri," akasema. "Twende karakana ukanishikie futi ya kupimia."