Sanduku Lenye Joto

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kiwandani. Siku nyingine nilikuwa chuoni, nahangaika na tasnifu yangu ya udaktari, lakini Alhamisi nilipanda pikipiki hadi Simi-Simi, kwenye banda kubwa la bati ambamo kampuni iliyoshirikiana na chuo chetu ilikuwa ikiunganisha betri za sola kwa ajili ya vituo vya afya. Seli zilitoka ng'ambo. Hapa watu walizipanga, wakazichomelea utepe wa nikeli, wakazifungia ndani ya sanduku. Kazi yangu ilikuwa kujua kwa nini baadhi ya masanduku yanapata joto.

Mwanzoni lilikuwa joto dogo tu, la sufuria iliyoepuliwa kitambo. Wiki iliyofuata lilizidi kidogo, na iliyofuata tena kidogo. Sanduku moja nililifungua nikakuta pale utepe unaposhika seli pamefanya kutu ya kijani, na plastiki ya pembeni imelainika. Nikalifunga haraka kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake. Nilijua siku moja mojawapo litashika moto, na moto huo hautapiga hodi.

Mimi hasira zangu ziko karibu, mama alinisema hivyo tangu utotoni. Nililaumu seli, nikalaumu mvua, nikalaumu umeme. Nikamlaumu mchomeleaji mmoja mbele ya wenzake, mtu mzima wa kuitwa papa, yaani baba, naye akaendelea kuchomelea. Aibu ya siku ile bado ninayo.

Kila sanduku lilikuwa limeandikwa tarehe ya kufungwa. Nikakaa na daftari la kiwanda, nikapanga mabovu upande huu na mazima upande ule. Mabovu yote yalifungwa Alhamisi. Yote! Nikamwendea msimamizi, mzee mpole ambaye kila nilipoingia alinipokea kwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Papa, Alhamisi kunakuwa nini hapa?"

Akatazama viatu vyake. "Mama docteur, Alhamisi iko siku yako."

"Nauliza mambo ya kazi, papa!"

"Na mimi najibu mambo ya kazi. Wewe unaingia, unasalimia watu wote, mukono kwa mukono. Bon. Tutakupa mukono na glavu? Sisi hatuna heshima? Tunavua. Alors, mukono iko na jasho, glavu hairudi tena. Tunaendelea vile vile mpaka saa ya kula."

Jasho lina chumvi. Chumvi ikibaki chini ya utepe, katika unyevu huu wetu wa Kisangani, inakula kiungo polepole mpaka umeme unapita kwa shida, na shida hiyo ndiyo joto. Kumbe kila Alhamisi niliingia na tabasamu langu, nikawaharibia kazi mmoja mmoja, huku nikijisifu moyoni kwamba usomi haujanipandisha kichwa.

"Mbona hamkuniambia?"

"Mutu anamwambia nini mugeni anayemusalimia?"

Hapo ndipo nilipokumbuka sanduku la yaya. Yaya ni dada yangu mkubwa, mkunga katika maternité, zahanati ndogo ya wazazi, ng'ambo ya mto upande wa Ubundu. Mimi mwenyewe nilimwomba patron, mwenye kiwanda, sanduku moja liende kwake kwa majaribio, na siku lilipofungwa nilisimama pale pale, nikawapa wote mkono wa asante. Nikapiga simu yake: haipatikani. Nikapiga tena na tena: haipatikani. Nilipomweleza patron, akaniambia mkataba wetu ni wa siri, niandike ripoti kwanza, tusitie watu hofu.

"Ripoti itazima moto?" nikamuuliza, nikatoka bila kuaga.

Kulipokucha nikavuka mto hadi Lubunga, nikapata pikipiki ya kunipeleka. Njia ilikuwa madimbwi matupu. "Mama, unafuata bwana aliyetoroka?" dereva akanitania, maana kila aliposimama nilimhimiza. Sikucheka. Kila nilipoona moshi wa shamba nyuma ya miti, nilinyanyuka kitini nitazame, na moshi siku ile ulikuwa mwingi.

Tulifika jua limepita utosini. Maternité ilikuwa bado imesimama, haijaungua. Yaya akatoka akicheka, akanikumbatia. "Karibu, mudogo wangu! Batterie yako iko baraka!"

"Iko wapi?"

"Kuja uone. Inatoa joto muzuri, usiku na mchana. Watoto wanaozaliwa mbele ya wakati, tunawalaza pale juu."

Kwenye kifuniko kulikuwa na kitenge kilichokunjwa, na juu ya kitenge kitoto cha kike, kidogo mno, kimelala. Nilikinyakua, kikaanza kulia. Kifuniko chini yake kilikuwa kimeanza kubonyea. Nikampa yaya mtoto, nikang'oa nyaya, nikalibeba sanduku mbio hadi katikati ya uwanja. Viganja viliniungua.

"Wewe iko na wazimu?" yaya akapiga kelele.

Nikamweleza yote, mikono, jasho, Alhamisi. Sikujitetea. Alimhamishia mtoto begani.

"Donc, ile joto tulikuwa tunashukuru Mungu juu yake, iko ugonjwa?"

"Ndiyo, yaya."

"Tangu ifike hatujazika hata mumoja. Mbele ya kuja kwake tulikuwa tunazika." Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Kisha akaninyooshea mtoto. "Bon. Mama yake iko na homa, hawezi kumubeba. Fungua blauzi, umulaze kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto yako."

Nikafungua. Uwanjani sanduku lilikuwa limeanza kufuka moshi. Kifuani pangu miguu ya mtoto ilikuwa inapoa, na yaya alikuwa mlangoni, anawaita wanawake wa jirani kwa majina, mmoja baada ya mwingine, anawauliza nani atakuja kumbeba nikichoka.