Dhamana Kabla ya Polisi

Dada yangu alisema kwamba Jumatatu atakwenda polisi kumshtaki mumewe, aliyemvunja kidole kwa sababu ya wali ulioungua. Habari zilifika kanisani kabla mahubiri hayajaisha. Jioni ile ile wazee wanne wa jumuiya yetu ya Warundi wakaja nyumbani kwa dada, kitongoji cha Toongabbie huku ughaibuni, wamevaa suti na kubeba katoni ya soda kama watu waliokuja kuposa. Shemeji alikuwa katikati yao, ameinamisha kichwa.

Kwetu mtu akikosea, wazee humdhamini mbele ya familia. Hawa walikuja kumdhamini mapema, kabla hata hajakamatwa.

"Binti yetu, huyu tunamjua," alisema mkubwa wao. "Ni mpole, hawezi kurudia. Mimi namdhamini."

Wenzake nao wakamdhamini, mmoja mmoja, huku wakinywa zile soda walizotuletea. Yangu nilitamani kuimwaga kwenye suti ya mtu.

Dada akawashukuru. Akaingia chumbani, akatoka na begi la mumewe, limeshafungwa.

"Dhamana yenu nimeipokea," alisema. "Sasa nendeni naye. Akae kwa mmoja wenu."

Mmoja akakumbuka kwamba nyumba yake ni ndogo. Mwingine ana wageni. Wa tatu akatafuta funguo za gari. Mkubwa wao, mwenye nyumba ya vyumba vitano kule Penrith, alilitazama lile begi kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "mimi nina mabinti nyumbani."