Sisimizi Kwenye Gari la Harusi

Mimi si mtu wa kusema. Darasani mwalimu akiuliza kitu ninachokijua, naangalia dawati mpaka mwingine ajibu. Ndiyo maana nina daftari hili, na ndiyo maana Jumamosi ya harusi nilikaribia kumkosesha dada yangu gari kwa kunyamaza tu.

Dada alitakiwa kutoka saluni saa tisa alasiri, apande gari la shangazi, apelekwe kwa mumewe. Gari lenyewe jeusi, la Kijerumani, viti vya ngozi. Nadhani alilisubiri kuliko hata shela. Shangazi, ambaye ni dada mkubwa wa baba, alikuja nalo kutoka Dar es Salaam, akazunguka nalo kusalimia ndugu mpaka Usinge, kijijini kwenye mizinga ya nyuki. Alipokuwa huko mama alimpigia simu kumwomba atubebee asali ya harusi. Akajibu, "Wifi, hili gari si lori. Halijawahi kubeba hata kitunguu." Mama alicheka, lakini nilimwona alivyoiweka ile simu.

Jumamosi asubuhi tulikuta gari limelala. Nyuma kushoto limeshuka mpaka tairi limejificha ndani ya bodi, kama ng'ombe aliyeanza kupiga goti akaahirisha. Shangazi alisimama kando na miwani yake ya jua, anabonyeza kitufe cha kufungulia buti. Buti halikufunguka. Alisema limegoma tangu jana jioni.

Bahati yetu baba ni fundi umeme wa magari na gereji iko uani kwetu. Anafanya kazi na fundi wa mitambo, Mzaramo aliyekuja Tabora kijana akaoa hapa hapa. Huyo ndiye aliyeanza.

"Magari haya hayana springi za chuma," alisema akiwa chini ya gari. "Yamekalia mifuko ya hewa. Mfuko ukitoboka, gari linalala."

Akaujaza mfuko upepo kwa pampu ya matairi, akaupaka povu la sabuni. Pangekuwa na tundu, povu lingevimba. Halikuvimba.

Baba akachomeka mashine ya kupima. Ikataja ubovu mwingi: mguu wa nyuma, kufuli ya buti, taa moja ya nyuma, kengele ya kurudi nyuma. Baba akavua kofia akajikuna.

"Magonjwa manne kwa siku moja? Gari haliumwi hivyo. Kuna mahali pamoja pameharibika, hivi vingine ni vilio tu."

Akapima betri, nzima. Akakagua fyuzi moja moja, nzima. Akasema nyaya za vitu vyote vinne zinakutana kwenye kisanduku kimoja cha umeme, chini ya zulia la buti, pembe ya kushoto. Kisha akamuuliza shangazi kwa adabu, "Dada, kuna maji yaliingia huku nyuma? Au kuna mzigo ulibeba?"

"Mzigo gani tena? Gari hili halibebi mzigo."

Baba akachomoa mashine yake. Kwetu dada mkubwa akishasema, mdogo wake hamuulizi mara ya pili mbele ya watu. Akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini kwamba kisanduku kipya kitatoka Dar, kitachukua siku, na kwamba jirani ana pikapu safi tu.

Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai nikimfikiria dada yangu na shela lake kwenye pikapu. Ndipo nikawaona sisimizi. Walitoka kwenye mtaro, wakapanda tairi la kushoto, wakaingia kwenye ufa mwembamba chini ya buti. Msururu mzima, wa kwenda na wa kurudi. Nikainama kama ninayefunga kandambili, nikapitisha kidole kwenye ule ufa, nikakilamba.

Asali. Ile nyeusi ya msituni.

Sasa nimwambie nani? Nikimwambia baba, atalazimika kumuumbua dada yake. Nikimwambia shangazi mwenyewe, afadhali nife. Nilimwaga chai kidogo kwa kuwaza. Halafu nikamkumbuka yule Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, mababu zetu walipokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani. Mtani anaweza kukuambia lolote, hata msibani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Nikachana ukurasa wa daftari hili, nikaandika: *Kuna asali kwenye buti. Sisimizi wanajua.* Nikamkabidhi pamoja na kikombe chake.

Akasoma. Akanywa chai yote bila haraka. Akamgeukia shangazi.

"Mtani."

"Sema, mla nazi."

"Babu yako alibeba mzigo kichwani kutoka hapa mpaka kwetu, miezi mitatu kwa miguu. Wewe umevalishwa miwani, umepewa kiyoyozi, na bado umeshindwa kukaa bila mzigo. Hilo dumu la asali unampelekea nani?"

Baba akaitazama kofia yake. Shangazi akavua miwani, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikayaona macho yake vizuri. Yalikuwa yanacheka.

"Nilitaka kumshtukiza wifi yangu," alisema. "Au niseme ukweli? Lilikuwa langu, la kurudi nalo Dar."

"Sisimizi wamekutangulia kula," Mzaramo alimjibu, akalaza kiti cha nyuma na kutambaa ndani.

Dumu lilikuwa limeanguka ubavu, limefunikwa kanga. Asali ilikuwa imepenya zulia mpaka kwenye plagi ya kile kisanduku, na kwa sisimizi nayo ilikuwa harusi. Baba akachomoa betri kwanza. Akaosha plagi kwa mswaki na maji ya uvuguvugu, akaipitishia spiriti. Ikabaki kuikausha, na jua pekee lingechelewa. Nikatumwa saluni kuazima draya. Nilimkuta dada nywele nusu mbichi, nikamweleza kwa pumzi moja. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya wanawake sita.

"Chukua," alisema. "Mimi nitakauka njiani."

Saa nane na nusu baba alirudisha betri. Pampu ya hewa ya gari ikanguruma chinichini, gari likainuka taratibu, likasimama sawa. Mama, aliyekuwa amepewa lile dumu na asali iliyobaki, alipiga kigelegele kirefu jikoni.

Njiani nilikaa mbele na shangazi. Nyuma dada alikuwa amejaa shela tupu. Sisimizi mmoja alipita juu ya dashibodi na shangazi akamwacha apite.

"Ile karatasi ni mwandiko wako," aliniambia polepole. "Sasa nisikilize, mwanangu. Ukiandika mambo haya kwenye daftari lako, andika lilikuwa dumu dogo. La lita tano."

"Sawa, shangazi," nikasema.

Lilikuwa la lita ishirini.