Rula Juu ya Kioo

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mdogo, alipoingia kwenye familia yetu tulimpa jina la Bi Kwanini, na mpaka leo halijamtoka. Wiki ya kwanza tu aliifungua chupa ya chai ya mama mkwe wake kwa bisibisi, apate kuona joto linafichwa wapi. Mama alinuna siku nzima. Jioni akamwita jirani: "Njoo umwone mkamwana wangu, anatafuta joto kama mtu aliyeangusha sindano."

Miaka mingi alikuwa akichapa barua za watu kwenye duka la kutolea nakala. Hapo ndipo alipoanza kuuliza kompyuta zinaambiwaje, na kidogo kidogo akajifunza kuziambia yeye mwenyewe. Ndivyo alivyopata kazi ya kuandika programu kwenye kituo chetu cha kusafisha maji, ambako mimi natunza stoo.

Kazi ya kituo ni rahisi kueleza. Matangi ya mji yamewekwa kwenye jedwali, kila tangi mstari wake, kila kipimo safu yake. Msomaji huketi chumba cha ndani akasoma kwa sauti kupitia kidirisha, na mchanganya dawa, mama mmoja asiyeishiwa maneno, hupima dawa upande wa pili kwa alichosikia. Msomaji wetu tunamwita Mzee Rula. Tangu enzi za karatasi huweka rula chini ya mstari anaousoma. Hutaja tangi, huvuta pumzi, kisha hutaja namba.

Wifi alipolihamishia jedwali kwenye kompyuta, makosa yakaanza. Tangi la Shule likapewa dawa ya Tangi la Gereji, maji yakanuka dawa mtaa mzima.

"Mzee, leo tunawapa watu maji au tunawafulia mashuka?" mchanganya dawa akauliza kidirishani.

"Pima unachoambiwa, mama. Macho yangu mazima. Hiyo kompyuta ndiyo ina kigugumizi."

Meneja hakucheka. Alisema Ijumaa atakuja kuketi mwenyewe kando ya msomaji, na likitokea kosa hata moja, Mzee atahamia getini akaandike namba za magari. Mzee alikuja stoo kuniomba kitambaa cha kufutia miwani, ingawa chake nilikiona kinachungulia mfukoni.

Wifi alikagua programu yake, akakuta namba zote ni sahihi. Mwingine angeishia hapo. Yeye alivuta kiti nyuma ya Mzee, akakaa kimya kama mtu anayetazama ndege akijenga kiota. Mimi nilikuwa nimepeleka karatasi, nikabaki mlangoni.

Mzee aliibandika rula yake ya mbao juu ya kioo cha kompyuta, chini ya mstari aliotaka. "Tangi la Shule," akasema, akafumba macho, akavuta pumzi. Papo hapo kipimo kipya kikaingia kutoka Tangi la Soko, lililokuwa chini kabisa. Programu ikalipandisha juu ya yote, maana meneja alitaka kipya kionekane kwanza, na mistari mingine ikashuka nafasi moja. Rula haikushuka. Mzee akafumbua macho, akasoma namba zilizokuwa juu ya rula. Zilikuwa za Gereji.

Wifi akapiga paja. "Umeona, wifi?"

"Nimeona. Mstari umehama, rula haina habari."

"Sasa kwa nini jedwali lenyewe lisishike mstari?"

Mchana ule nilimpelekea chakula, akanionyesha. Kwenye dirisha la kompyuta analoandikia programu, jedwali lilikuwa kama picha ukutani: unalitazama, unalibofya, halijui umegusa wapi. Akaanza kulifundisha. Alipomaliza, nikabofya mstari, ukawa wa bluu. Nikabofya kichwa cha safu, nayo ikapata rangi kutoka juu hadi chini, na pale vilipokutana namba ikanenepa. Nilibofya tena na tena kama mtoto aliyepata kengele ya baiskeli.

Mzee akaitwa ajaribu. Akachagua Tangi la Shule. Kipimo kipya kikaingia, mistari ikashuka, na rangi ya bluu ikabaki palepale, juu ya tangi jingine.

"Mwanangu," Mzee akasema, "umeninunulia rula ya bluu."

Mchanganya dawa alicheka mpaka akashika ukuta. Wifi alicheka pia, lakini macho yalikuwa yamewaka. Programu yake ilikumbuka mstari wa ngapi, akatueleza. Haikukumbuka mstari wa nani. Akarudi kwenye maandishi yake, akaifanya ishike jina la tangi, si nafasi yake.

Ijumaa meneja alikuja na kiti chake. Mzee alibofya mstari, akabofya safu ya dawa. Rula ilikuwa mezani, mbali.

"Tangi la Gereji," akasema, akavuta pumzi.

Kipimo kipya kikaingia. Meneja, aliyekuwa ameweka kidole kwenye kioo ili asipotee, akashtuka. "Aha! Soma hapa!"

"Mheshimiwa, toa kidole," Mzee akasema taratibu. "Kimeachwa na gari." Rangi ya bluu ilikuwa imeshuka na Gereji yake, nafasi moja chini ya kidole. Mzee akasoma namba iliyonenepa.

"Gereji, nimepata!" sauti ikajibu kutoka kidirishani.

Meneja alikitazama kidole chake, akakirudisha mfukoni. Wakasoma matangi yote mpaka mwisho. Aliposimama alibeba kiti chake na kusema getini atatafutwa mtu mwingine.

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa changu. Wifi hakumwacha apumzike.

"Mzee, kwa nini unavuta pumzi kabla ya namba?"

"Ili mama wa kule apate kushika kikombe cha kupimia."

"Kwani kikombe anakiweka wapi?"

Hakungoja jibu. Alikuwa ameshaingiza kichwa kidirishani, anachungulia.