Kiingereza Hakivuki Mto

Enzi zetu, wana Kisangani wenzangu, sisi tuliokaa Lubunga, ng'ambo ya mto Kongo, tulijua jambo moja bila shaka: Kiingereza hakivuki mto. Wanafunzi wakubwa wa shule walituapia kwamba ukifungua kinywa katikati ya maji, maneno yote ya siku hiyo yanaanguka, samaki wanayameza. Niliamini kabisa. Hata masharubu ya kambale niliyaona ni ya uprofesa.

Asubuhi tuliimba "I am, you are" mpaka mabati yakataka kuruka. Mwalimu alichora kuku ubaoni, sisi tukapiga kelele jina lake, chaki ikituingia puani. Saa sita mama aliningoja ufukweni na sufuria yake tupu. Sokoni aliuza lituma, zile ndizi za kupondwa ambazo nikizitaja tu mate yananijaa. Mama hakusoma. Pirogi, mtumbwi wetu, ikiondoka tu, ananigeukia na kuniita Papa, jina la kubembeleza mwana:

"Papa, leo walikufundisha nini? Unipe na mie neno moya."

Mimi kimya, midomo kama imeshonwa. Wamama wa pirogi wanacheka: "Mutoto yako iko na jino mubovu?" Tukifika ng'ambo, bon, basi, kuna kuni, kuna maji, kuna wadogo wanalia. Swali limeshapoa.

Ukaja mtihani wa kusema. Mwalimu akainua kikombe. Neno nililiona kichwani limekaa vizuri kama chifu, ila ulimi haukujua njia. Darasa lilicheka, nadhani hadi Basoko, mbali huko mtoni, walisikia.

Vijana wa leo wanavuka na simu inayowasemea Kiingereza wao wakisinzia. Mimi nilikimaliza kwa masomo ya jioni, ndevu zimeshaota, na cheti changu ni kikubwa kuliko mlango. Nikivuka sasa nasema kwa sauti: cup, fish, river. Abiria wanasogea mbali nami. Lakini hakuna tena wa kuniuliza leo nimefundishwa nini. Cheti hicho ningekitoa chote, na fremu yake, mama aniulize mara moja tu.

Maana siku ile ya mtihani, nilipofungua kinywa katikati ya mto na kumweleza siri yangu kwa machozi, mama hakucheka. Alinifuta pua kwa ncha ya kitenge chake, akasema:

"Papa, neno haiangukake mu mai. Inapoteaka sababu weye hauisemake."