Nilivyokataa Kumsingizia Mrina Asali

Wanasema nilifukuzwa kazi. Waongo. Kofia niliivua mwenyewe.

Enzi za Mwingereza nilikuwa askari wa Bwana Nyama, yule Mzungu aliyesimamia wanyama wa porini kwetu Tabora. Kazi yangu ilikuwa kulinda faru katika pori la kusini mwa Goweko. Nilikuwa nikiwajua watatu: dume, jike na ndama wake.

Asubuhi moja nilimkuta dume amekufa, pembe zimekwenda. Bwana Nyama alifika pamoja na mgeni wake, Mzungu aliyekuwa amepiga kambi jirani wiki nzima na bunduki zake. Polisi walikuwa wamekwisha kumkamata mrina asali, mzee wa Kinyamwezi waliyemkuta akipita na shoka na upinde wake. Nikaambiwa nikatoe ushahidi kwamba faru ameuawa kwa mshale wa sumu.

Mshale gani? Mnyama nilikwisha kumkagua. Pembe zilikatwa kwa msumeno, shina laini kama mguu wa kiti. Wawindaji wa kwetu hawahangaiki na msumeno. Husubiri siku chache mzoga uoze, wakazing'oa kwa mkono. Tena nyuma ya bega palikuwa na tundu, na humo nilichokoa risasi kwa kisu. Bwana Nyama aliitazama, akaniambia niitupe.

Niliitia mfukoni. Mke wangu alinisihi ninyamaze, maana nyumba tuliyolala ilikuwa ya serikali. Nilimwelewa, na sikumsikiliza.

Mahakamani Tabora hakimu aliniuliza huo mshale uko wapi. Nikaweka risasi mezani.

"Mzee huyu ana upinde," nikasema. "Hii imetoka wapi? Mkimfunga yeye, mwenye bunduki atarudi kumchukua jike."

Mzee akaachiwa. Mgeni hakuulizwa hata neno moja, jambo ambalo linanichoma mpaka leo. Nje, Bwana Nyama alinisubiri, uso umemwiva kwa hasira, akaniuliza mimi ni askari wa nani. Nikavua kofia, nikamkabidhi, nikaenda kumwambia mke wangu tufunge mizigo.

Hazikupita siku nyingi, gari la mgeni likaonekana likielekea porini. Mrina asali ndiye aliyekuja mbio kunipa habari. Tulikatiza njia ya miguu tukamtangulia kwenye bwawa, na kweli jike alikuwa pale, akinywa na mwanawe. Tukapiga madebe matupu tuliyobeba, kwa nguvu zetu zote. Jike akakurupuka, ndama nyuma yake, wakapotelea vichakani.

Mgeni alishuka na bunduki mkononi, akafoka kwamba mimi si askari tena, nimepewa ruhusa na nani kusimama pale.

"Na wewe umepewa na nani?" nilimuuliza.

Tukaendelea kupiga madebe mpaka akawasha gari.